Nifungie, Saa Tano Haijafika

Kwa sheria ya Uingereza na Wales, chipsi za saa tano kasoro dakika moja usiku na chipsi za saa tano na dakika moja si chipsi zilezile. Za kwanza ni chakula tu. Za pili ni suala la leseni. Kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, mtu anayewauzia watu chakula cha moto au kinywaji cha moto lazima awe na kibali cha halmashauri yake, na akiuza bila kibali anatenda kosa la jinai. Msomaji wa Kiswahili anayeifungua sheria hiyo hukutana na kichekesho kidogo cha saa. Wao wameandika kuanzia kumi na moja hadi tano. Sisi tunasoma kuanzia tano hadi kumi na moja. Tarakimu ni zilezile, zimegeuziana mgongo tu. Giza ni lile lile.

Nimeishi Uingereza miaka kadhaa, na mitatu kati ya hiyo nilifanya kazi ya zamu ya usiku katika ghala. Saa hizo sita ndizo zilikuwa mchana wangu. Kwa hiyo historia yake si jambo nililolikuta kwenye vitabu kwa bahati. Nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba mtu anayekula saa nane usiku ni jambo la kusimamiwa, na kwa sababu gani.

Tuanze na moto wenyewe. Sheria inayotumika leo, Sheria ya Leseni ya 2003, inaeleza chakula cha moto kuwa ni kile kilichopashwa ili kiliwe kikiwa na joto kuliko hewa inayokizunguka. Mkate wenye nyama baridi hauhitaji leseni hiyo hata saa tisa usiku. Kikombe cha chai kinahitaji. Mgeni wa hoteli akiletewa supu chumbani, hakuna leseni inayodaiwa kwa ajili ya supu hiyo. Chakula kinachogawiwa bure nacho kimeachwa. Mara ya kwanza nilipoisoma orodha hiyo nilijiuliza: joto la viazi lina dhambi gani?

Halina. Ninavyoielewa mimi, joto ni alama tu. Penye chakula cha moto usiku pana watu wanaosimama, wanaosubiri, wanaozungumza, wanaocheka, wanaofunga milango ya magari. Sheria inapima joto la chakula kwa sababu ni rahisi kupima kuliko mkusanyiko wa watu. Na hofu ya mkusanyiko huo ina umri mkubwa kuliko chipsi.

Katikati ya karne ya 19, mwandishi wa habari Henry Mayhew alizunguka mitaa ya London akiwahoji watu maskini kuhusu kazi zao, na mwaka 1851 akachapisha kitabu kikubwa juu ya maisha yao. Humo kuna wauza kahawa wa barabarani, wenye mikokoteni na majiko ya mkaa. Mayhew aliona kwamba si wote wana saa moja ya kazi. Wapo waliotoka karibu na usiku wa manane, wakiwategemea watu wa starehe na wanawake wa mitaani. Wapo waliotoka alfajiri, wakiwasubiri vibarua wanaokwenda kazini. Kahawa ilikuwa ileile, lakini wateja wa saa saba walionekana wahuni na wateja wa saa kumi wakaonekana watu wa heshima. Kuna pia wauza samaki wa kukaanga, waliolazimika kuishi vichochoroni kwa sababu majirani hawakuvumilia harufu ya mafuta. Mmoja wao alimweleza kwamba mtaa wa walevi ndio unaofaa, kwani huko pua za watu si kali sana. Malalamiko ya jirani, basi, hayakusubiri pikipiki wala muziki wa gari.

Mwaka 1860 serikali ikaingilia. William Gladstone, aliyekuwa waziri wa fedha, alikuwa amekamilisha mwaka huo mapatano ya biashara na Ufaransa yaliyopunguza ushuru wa mvinyo. Alitaka Waingereza wanywe mvinyo pamoja na chakula badala ya pombe kali bila chakula. Ikapitishwa Sheria ya Nyumba za Viburudisho, na pamoja na ruhusa ya mvinyo ikaja leseni kwa kila nyumba iliyowapokea watu usiku kwa kula na kunywa. Masharti yake makali yalimlenga mwenye nyumba atakayewaruhusu makahaba, wezi na walevi wenye fujo kukusanyika kwake. Miaka minne baadaye, sheria nyingine ikaamuru baa na nyumba za viburudisho za London zifungwe kati ya saa saba usiku na saa kumi alfajiri. Mtaa wa Haymarket, uliokuwa umejaa nyumba za usiku za starehe, ulianza kupoteza sifa zake mbaya.

Katika awamu hiyo ya kwanza, kilichotafutwa ni maadili. Polisi walitaka kujua nani yumo ndani. Usingizi wa jirani haukuwa hoja kuu.

Karibu wakati huohuo samaki wa kukaanga alikutana na kiazi cha kukaanga. London na Lancashire hadi leo wanagombea nani alitangulia. London humtaja Joseph Malin na mwaka 1860, Lancashire humtaja John Lees wa Mossley na mwaka 1863. La muhimu kwetu ni kwamba chakula hicho kilienea kwa kasi katika miji ya viwanda. Kilikuwa rahisi, kilishibisha, na mama aliyetoka kiwandani jioni hakulazimika kuwasha jiko. Lakini duka la chipsi lilibeba jina baya. Kwa sababu ya moshi na harufu, ukaangaji wa samaki uliwekwa katika kundi la biashara za kero, kundi moja na uchemshaji mifupa, na fedheha hiyo haikufutika hadi miaka ya kati ya vita viwili vya dunia. Ilipofika Vita vya Pili, serikali iliyogawa nyama, sukari na siagi kwa kadi iliacha samaki na chipsi nje ya mgao. Biashara ya kero ikawa nguzo ya taifa.

Kelele nazo zilitoka wapi? Hapa sheria yenyewe ina mkono wake. Kabla ya 1914, baa za London ziliweza kukaa wazi hadi saa sita na nusu usiku. Vita vya Kwanza vilipokuja, serikali ilikata saa hizo ili wafanyakazi wa viwanda vya silaha wasilewe, na baada ya vita, sheria ya 1921 ikaacha ufungaji wa mapema uendelee: saa nne usiku, au saa tano mahali kama London. Kwa miongo mingi iliyofuata, Uingereza nzima ilitoka baa kwa wakati mmoja. Kengele ikilia, mamia ya watu wenye pombe kichwani na njaa tumboni walimwagika barabarani pamoja, na taa pekee iliyokuwa inawaka ilikuwa ya duka la chipsi. Sheria moja iliwatoa watu nje. Sheria nyingine ikamuuliza mkaanga chipsi kwa nini watu wamejaa nje.

Na mkaanga chipsi alikuwa anabadilika. Kuanzia miaka ya 1950 na 1960, nyuma ya kaunta hiyo walianza kuonekana Wagiriki wa Kupro, Wachina wa Hong Kong, Wabengali, baadaye Waturuki. Saa za usiku zilikuwa saa ambazo wengine hawakuzitaka, na kwa hiyo ndizo zilizobaki kwa mgeni. Anayetaka kuisoma historia ya leseni za usiku bila kuisoma historia ya wahamiaji atakosa nusu yake.

Lugha ya sheria ikabadilika pia. Sheria ya Nyumba za Viburudisho vya Usiku ya 1969 bado ilikuwa na watu wabaya wa 1860 ndani yake, lakini sasa aliketi pamoja nao mtu mpya: mkazi wa jirani ambaye hatakiwi kusumbuliwa kupita kiasi. Mwaka 1982 Bunge likalitaja moja kwa moja duka la chakula cha kufungiwa. Halmashauri ikaweza kutoa amri ya kulifunga duka fulani kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, endapo wakazi wa karibu wanasumbuliwa na watu wanaoingia na kutoka. Katika miaka 122 swali lilikuwa limehama kutoka kwa aliyemo ndani hadi kwa aliyelala ng'ambo ya barabara.

Sheria ya 2003, iliyoanza kutumika tarehe 24 Novemba 2005, ilifuta hizo mbili na kuweka mfumo mmoja wa pombe, muziki na chakula cha usiku. Mwombaji anabandika tangazo la karatasi ya buluu hafifu mbele ya duka lake kwa siku 28. Yeyote anaweza kuandika kupinga au kuunga mkono. Wakipatikana wapinzani na wasiafikiane, kamati ndogo ya madiwani watatu inasikiliza. Hoja zinazokubalika ni nne tu: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa watu, kuzuia kero kwa umma, na kuwalinda watoto. Kusema tu mtaa una maduka mengi mno ya chipsi si hoja. Kusema chakula chenyewe hakina afya si hoja. Ada ya kuomba inategemea thamani ya jengo, na ngazi ya chini kabisa iliwekwa pauni 100.

Kikao kimoja cha namna hiyo nilikihudhuria. Mwombaji alikuwa mzee aliyezaliwa Kisumu, mtoto wa Wagujarati, aliyeletwa Uingereza mwaka 1968, wakati Wahindi wa Kenya wenye pasi za Kiingereza walipokuwa wakikimbilia kuingia kabla Bunge la London halijawafungia mlango. Alikuwa na duka la kuku na chipsi karibu na kituo changu cha basi. Siku aliyonisikia nikizungumza kwa simu na nyumbani, alinijibu kwa Kiswahili cha Kisumu ambacho hakijaguswa tangu utotoni mwake. Tangu hapo nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba kwa furaha ya mtu aliyeokota sarafu ya zamani. Leseni yake iliishia saa sita usiku. Aliomba ifike saa nane.

Mimi niliandika barua ya kumuunga mkono, ya aya mbili. Nilisema kwamba wateja wake wa usiku si walevi peke yao. Ni wauguzi, madereva wa teksi, walinzi, wasafishaji wa ofisi na sisi wa ghalani, na kwamba kwa mtu anayetoka zamu saa saba, hicho ni chakula cha jioni. Nilipewa dakika tano za kusema hayo mbele ya madiwani. Wengine niliowataja hawakuwepo. Kikao kilikuwa saa nne asubuhi. Wote walikuwa wamelala.

Kisha akasimama mpinzani, mama mmoja ambaye dirisha la chumba chake linatazama duka. Nilitarajia mtu anayechukia harufu ya vitunguu au nyuso za wageni. Badala yake alifungua daftari. Alikuwa ameandika tarehe, saa, na kilichotokea: mlango wa gari, honi, vijana wawili wakiimba, pikipiki iliyoachwa ikinguruma dakika kumi. Akamaliza kwa kusema kwamba yeye ni msafishaji hospitalini na anaanza kazi saa kumi na moja alfajiri. Akitoka nyumbani saa kumi, maana yake anapaswa kulala saa tatu.

Nadhani hapo ndipo nilipoielewa historia yote niliyoieleza hapo juu. Tangu Mayhew tumezoea kuupanga usiku kama ugomvi wa watu wa starehe na watu wa heshima. Ndani ya chumba kile hakukuwa na mtu wa starehe. Palikuwa na mfanyakazi mmoja anayetaka kula akitoka kazini na mfanyakazi mwingine anayetaka kulala kabla ya kwenda kazini, na kati yao mzee mmoja aliyejenga maisha juu ya saa ambazo wengine hawakuzitaka. Wote watatu walikuwa na haki, na barabara ilikuwa moja.

Daftari la mama yule lilikuwa na uzito wa kisheria pia. Mwaka 2008, katika kesi ya kampuni ya Daniel Thwaites iliyokuwa na baa huko Wirral, Mahakama Kuu ilitengua uamuzi wa kupunguza saa, kwa kuwa ulisimama juu ya hofu ya yatakayotokea badala ya ushahidi wa yaliyotokea. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Rufani, katika kesi ya baa ya Soho ambayo wateja wake walisimama nje wakinywa na kupiga soga, ilisema kazi ya kamati ni kupima: faida ya biashara na mvuto wake kwa mji upande mmoja, maisha ya wanaoishi hapo upande mwingine, kisha kuamua kinachokubalika mahali pale. Hakuna fomula. Kuna mtaa huu na watu hawa.

Madiwani walimpa mzee saa saba usiku katikati ya wiki, na saa nane Ijumaa na Jumamosi. Wakaongeza masharti: tangazo la kuwaomba wateja waondoke kimya, kuokota taka mita kadhaa kila upande kabla ya kufunga, pikipiki za wapelekaji zisubiri nyuma ya jengo zikiwa zimezimwa, na namba ya simu ya duka ipewe majirani. Baadaye nilimuuliza lipi lilisaidia. "Simu, kijana," alinijibu. "Amepiga mara mbili. Nikatoka mwenyewe na aproni yangu, nikawaambia wale vijana, kuna mama analala hapa. Wakaondoka." Karatasi ya leseni ilikuwa ukutani, kwenye fremu. Lakini kilicholeta utulivu ni kwamba watu wawili waliokuwa wakisikiana kupitia dirishani sasa walijuana kwa sauti.

Simwelezi mzee huyu ili tuseme mambo yote yaliisha vizuri. Mama yule bado alipoteza usingizi siku za Ijumaa. Mimi nami niliendelea kulala mchana, saa ambazo jirani yangu alikata nyasi kwa mashine na watoto walicheza mpira chini ya dirisha, na sikuwahi kuona karatasi ya buluu ya kuniuliza maoni. Siwalaumu, mchana ni wao. Ila ni kweli kwamba mfumo huu umepangwa kwa ajili ya mtu anayelala usiku, na mji hauendeshwi na watu hao peke yao.

Tarehe 24 Septemba 2020, wakati wa korona, England iliamriwa kufunga migahawa na baa saa nne usiku. Wauza chakula cha kufungiwa nao walifunga milango kwa wateja wa kaunta, lakini waliruhusiwa kuendelea kupeleka chakula majumbani. Foleni ikahamia kwenye simu. Leo halmashauri nyingi zinasikia malalamiko ya aina mpya: hakuna walevi wala nyimbo, ila pikipiki zinazokuja na kuondoka nje ya jiko ambalo mteja hajawahi kuliona. Aliyeagiza yuko kwake kitandani, mtaa mwingine kabisa. Kelele zimebaki kwa wanaoishi karibu na jiko na kwa kijana mwenye helmeti anayelipwa kwa safari.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako hata neno leseni tulilipokea kutoka Kiingereza, hoja hizi zinazidi kusikika kila jiji linapotaka kuitwa jiji lisilolala. Mkaanga chipsi wa Dar es Salaam au Nairobi anajua kufukuzwa kabla hajajua kusikilizwa. Ndiyo maana nadhani kuna tukio moja la London linalostahili kukumbukwa kuliko sheria zote nilizozitaja.

Mwaka 1875, madereva wa magari ya farasi walikuwa na shida ya chakula. Sheria haikuwaruhusu kuyaacha magari yao kituoni, kwa hiyo aliyetaka kitu cha moto alimlipa kijana amlindie gari, kisha akaingia baa. Mwanahabari na kapteni mstaafu, George Armstrong, alianzisha mfuko wa hisani na kujenga vibanda vidogo vya mbao vya rangi ya kijani, visivyozidi ukubwa wa gari na farasi wake kwa kuwa vilisimama barabarani. Ndani palikuwa na jiko, meza na benchi. Kamari, pombe na matusi vilikatazwa. Hadi 1914 vilijengwa 61. Leo vimebaki 13, vyote vikilindwa kama majengo ya urithi, na madereva wa teksi bado wanaingia kunywa chai na kula mayai.

Wakati Bunge likijadili maskini wa usiku wafunge mdomo saa ngapi, mtu mmoja aliuliza swali jingine: wale wapi? Ukubwa wa kibanda ulipimwa ili kisimzuie mpita njia. Sheria za ndani ziliwekwa ili kisiwe kero. Lakini hayo yote yalikuja baada ya kukubali kwamba mtu anayefanya kazi usiku atasikia njaa usiku, na kwamba njaa hiyo ni ya mji mzima.